Mwanangu hana pa kuchezea ila pevingi: je, ukame wa Dodoma unamdhuru?

Swali: "Tulihamia Dodoma kutoka Lushoto mwaka jana baada ya mume wangu kuhamishwa kikazi. Tumepanga Ilazo, nyumba nzuri yenye uzio, lakini uwanja wote umewekwa pevingi na hakuna mti hata mmoja. Mtoto wetu wa kiume ana miaka saba, yuko darasa la pili. Kule Lushoto alikuwa akishinda kwenye shamba la bibi yake na kurudi miguu imejaa tope. Huku basi la shule linamshusha saa kumi na moja jioni, anakula, kisha anakaa mbele ya televisheni mpaka muda wa kulala. Amekuwa mwepesi wa hasira, halali vizuri, na mwalimu ananiambia hatulii darasani. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ilitumwa habari kwamba watoto wanaokua mbali na kijani wana uwezekano wa asilimia 55 wa kupata ugonjwa wa akili. Mume wangu anasema huo ni uzushi, na kwamba udongo wa huku utampa minyoo, mafua na vikope tu. Dodoma ni vumbi miezi mingi, msitu nitautoa wapi? Je, tumemdhuru mtoto kwa kumleta huku? Nimrudishe kwa bibi yake?"

Mama, nashukuru umeandika kwa kirefu, kwa sababu ulichosema kuhusu basi la shule, televisheni na usingizi kinanisaidia mimi kama daktari wa watoto kuliko lile neno "kijani" lililokutia hofu. Nikikuelewa vyema, unaogopa kwamba mwanao ameanza kuharibikiwa kwa kukosa miti, na kwamba mji mliohamia hauna cha kumpa. La kwanza sidhani kama ndivyo lilivyo, na la pili si kweli. Alipoondoka Lushoto mtoto wako alipoteza mambo kadhaa kwa mpigo, na rangi ya ardhi ni moja tu kati ya hayo, tena si kubwa. Alimpoteza bibi wa kila siku, akawapoteza wenzake, akapoteza zile saa za jioni ambazo hakuna mtu mzima aliyekuwa akimwelekeza la kufanya, na mwili wake ukakosa kazi. Sehemu kubwa ya hayo inaweza kurudishwa papo hapo Ilazo.

Nianze na ile asilimia 55, maana najua ilikotoka. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark wakiongozwa na Kristine Engemann walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za watu zaidi ya 900,000 waliozaliwa kati ya mwaka 1985 na 2003. Walitumia picha za setilaiti kupima wingi wa majani mabichi kuzunguka makazi ya kila mtoto mpaka alipofika miaka 10, kisha wakaangalia nani baadaye aligundulika kuwa na tatizo la afya ya akili. Waliokulia mahali penye majani machache kabisa walikuwa na hatari kubwa kuliko wenzao wa mahali penye majani mengi kabisa, na tofauti hiyo ilifika hadi asilimia 55 kutegemea aina ya tatizo. Kwa hiyo mume wako amekosea kuiita habari hiyo uzushi, lakini aliyeituma kwenye kundi naye amekosea, kwa kuwa hatari iliyozidi ya mwingine kwa asilimia 55 si sawa na uwezekano wa asilimia 55. Chukua mfano wa hesabu tu: kama katika watoto 100 wa kundi la kwanza wanaougua ni 4, ongezeko la asilimia 55 linawafanya wawe 6 hivi katika watoto 100 wa kundi la pili. Wengine 94 wa kundi hilo hawaugui.

Zaidi ya hapo, utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yanayoandamana, hauthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Watafiti walijitahidi kuondoa athari za kipato cha wazazi, za maisha ya mjini na za magonjwa ya akili katika familia, na bado uhusiano ulibaki, jambo linaloufanya uwe wa kuzingatiwa. Lakini setilaiti haioni kama mtoto alitoka nje, alicheza na nani, wala kama nyumbani kulikuwa na amani. Ingepita juu ya Dodoma mwezi wa Oktoba ingeandika kwamba hapa hakuna kitu, ilhali mbuyu usio na jani hata moja unaweza kuwa umejaa viota vya ndege, na chini yake watoto wanaokota mabuyu. Si haki kuchukua kipimo cha Denmark, nchi ya mvua na nyasi, na kukibandika juu ya ardhi inayopata mvua ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili hivi.

Swali lenye manufaa zaidi ni hili: mtoto anapokuwa nje, kwenye udongo, miti, wadudu na hewa, kitu gani hasa hufanyika ndani yake? Maelezo yanayonishawishi zaidi ni ya Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan, waliyoyaweka wazi mwaka 1989. Walisema umakini wa binadamu una sura mbili. Upo umakini wa kujilazimisha, ule anaoutumia mtoto anaponakili ubaoni huku mwenzake akimsukuma kiwiko, anaposubiri zamu yake, anapojizuia kusema. Huo huchoka, na ukichoka mtoto huwa mwepesi wa hasira, husahau alichoambiwa sasa hivi na hushindwa kukaa kitako. Upo pia umakini unaovutwa na kitu chenyewe bila mtu kujilazimisha, na huo unapofanya kazi kwa upole, ule wa kwanza hupumzika. Mwanao hutumia umakini wa kujilazimisha kuanzia anapopanda basi alfajiri mpaka anaposhuka jioni, na televisheni haimpumzishi hata kidogo, kwa sababu humnasa kwa nguvu, picha baada ya picha, wala haimwachii nafasi ya mawazo yake mwenyewe.

Nikupe mfano wa hapa hapa. Chini ya mwarobaini au pembeni mwa ukuta, mahali ambapo mchanga ni mkavu na mvua haifiki, utaona vishimo vidogo vya mviringo vinavyochongoka kwenda chini, upana wake kama wa kidole gumba. Katika kila kishimo amejificha mdudu mwenye taya, anayesubiri sisimizi ateleze. Sisimizi akigusa ukingo, mchanga unaporomoka. Akijaribu kupanda, mdudu anamrushia mchanga kutoka chini mpaka anadondoka. Mpe mtoto kijiti cha nyasi akwaruze ukingo wa kishimo, kisha mwangalie. Anachuchumaa, anashusha sauti bila kuambiwa, anasubiri, anajaribu kishimo kingine, anaanza kubahatisha ni kipi kina mwenyewe na kipi kimehamwa. Mtoto yule yule ambaye hatulii darasani anaweza kukaa hapo robo saa nzima. Hapo hakuna msitu wala nyasi za kukatwa, kuna mchanga mkavu wa Dodoma tu, na umakini wake unapumzika vizuri kabisa.

Ushahidi wa jambo hili upo, ingawa hauna ukubwa ambao wauzaji wa kambi za watoto wangependa tuamini. Nchini Marekani, Andrea Faber Taylor na Frances Kuo walichapisha mwaka 2009 utafiti wa watoto 17 wenye tatizo la kukosa utulivu na umakini lililothibitishwa na wataalamu, wa miaka 7 hadi 12. Kila mmoja alitembezwa dakika 20 katika bustani ya miti, siku nyingine katikati ya mji, na siku nyingine katika mtaa wa makazi, na baada ya bustani walifanya vizuri zaidi katika kipimo cha umakini. Watoto 17 ni wachache, na faida iliyopimwa ni ya muda mfupi baada ya matembezi. Utafiti mkubwa zaidi ulifanyika Barcelona kwa watoto 2,593 wa miaka 7 hadi 10 katika shule 36, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2015: katika miezi 12, watoto ambao shule zao zilizungukwa na miti na majani walipiga hatua kubwa zaidi katika uwezo wa kushika mambo akilini na kuyafanyia kazi. Sehemu ya tofauti hiyo ilielezwa na hewa, kwamba palipo na miti palikuwa na moshi mdogo wa magari. Naipenda tafiti hiyo kwa sababu inatuonyesha kwamba "kijani" mara nyingi ni jina la jumla la mambo mengi yanayokaa pamoja: hewa safi, kivuli, utulivu, nafasi ya kukimbia. Ukikosa moja bado unaweza kuyatafuta mengine.

Upande wa mwili hauna utata mwingi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomfanya ahemee juu. Mwanao alikuwa akizipata shambani kwa bibi bila mtu kuhesabu. Sasa naona hazipati. Mwili ambao haujachoka haudai usingizi, na mwanga una sehemu yake pia, kwa sababu saa ya ndani ya mwili hujirekebisha kwa mwanga wa mchana na kuvurugwa na mwanga wa skrini usiku. Mtoto wa umri wake anahitaji kulala muda wa saa 9 hadi 12. Hesabu anaamka saa ngapi kuwahi basi, kisha rudi nyuma. Huenda ukakuta kwamba hasira unayoiona na ule ukorofi wa darasani ni usingizi pungufu kuliko kitu kingine chochote.

Macho nayo nayataja kwa ufupi. Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule walifuatiliwa kwa miaka mitatu, na matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba wapya waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30 hivi, dhidi ya karibu asilimia 40 kwa wasioongezewa. Kinachodhaniwa kulinda jicho ni mwanga mkali wa nje, ambao huchochea utolewaji wa kemikali iitwayo dopamini ndani ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mwanga, mama, Dodoma haijawahi kupungukiwa.

Hofu za mume wako nazichukua kwa uzito, kwa kuwa zina chembe ya ukweli, na kwa kuwa bila yeye kukubali hakuna kitakachobadilika nyumbani. Minyoo haizaliwi na udongo. Huletwa na kinyesi cha binadamu kilichoingia kwenye udongo, na mayai na viluwiluwi vyake huhitaji unyevu na kivuli ili vidumu. Ardhi iliyoungua kwa jua la kiangazi si makazi yao mazuri kama shamba lenye unyevunyevu la milimani. Kwa hiyo, ukitaka ukweli, hatari ya minyoo ilikuwa kubwa zaidi kwa bibi. Kinga ni ile ile: viatu miguuni kuzuia safura, kunawa kwa sabuni kabla ya kula, kucha fupi, choo kinachotumika na kila mtu, na dawa ya minyoo inapogawiwa shuleni, usimfiche mtoto. Ninachokiogopa zaidi kwenye vumbi kavu ni funza, kwa hiyo kagua vidole vya miguu wakati wa kumwogesha.

Mafua ni virusi, na virusi huambukizwa na watu, hasa wanaobanana mahali pasipo hewa ya kutosha. Basi la shule lililofungwa madirisha linaambukiza mafua kuliko uwanja wowote. Vikope navyo ni bakteria wanaohamishwa kwa mikono, kwa inzi na kwa kitambaa kinachofutia nyuso za watoto wengi. Wilaya ya Kongwa, jirani zetu hapa, imechunguzwa kuhusu ugonjwa huo kwa miaka mingi, na utafiti wa vijijini humo uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuhimiza kunawa nyuso, pamoja na dawa ya tetrasaiklini, kulipunguza vikope vikali. Mtoto acheze avyotaka, kisha anawe uso kwa maji safi na afute kwa taulo lake mwenyewe.

Kuhusu vumbi lenyewe mume wako ana haki kuliko kwingine kote. Upepo wa kiangazi hapa hauna adabu, na mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa sababu yake. Siku ambayo upepo umechafuka, abaki ndani, hakuna aliyewahi kudhurika kwa kukosa siku moja ya uwanja. Ila kama mwanao anakohoa usiku, anatoa mluzi kifuani au anachoka haraka akikimbia, apimwe kabla hujaanza mpango wowote. Pumu inayodhibitiwa kwa dawa sahihi haimzuii mtoto kucheza, na mtoto mwenye pumu hapaswi kufungiwa ndani maisha yake yote. Wapo pia wasomaji ambao watoto wao wana selimundu: hao wacheze, lakini wanywe maji mara kwa mara na wasichezee baridi ya asubuhi ya Juni na Julai bila kujikinga. Mwenye mtoto mwenye ualbino asifuate ratiba yoyote ninayoitoa hapa pasipo kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua na kivuli, na muda wake mzuri ni alfajiri na jua linapokaribia kuzama.

Nadharia nyingine mpya inahusu vijidudu vyema vya udongo. Mwaka 2020 watafiti wa Finland walieleza jinsi walivyotandika udongo wa msituni na nyasi katika viwanja vya vituo vya kulelea watoto, na baada ya siku 28 tu aina za bakteria kwenye ngozi za watoto ziliongezeka na dalili za kinga tulivu ya mwili zikaonekana katika damu. Inavutia, lakini udongo wao si wetu na magonjwa yao si yetu, kwa hiyo siitumii kama hoja ya kumwacha mtoto peku. Ninachochukua humo ni kwamba tope mikononi si uchafu wa kuogopwa mradi maji na sabuni vipo.

Sasa tufike kwenye uamuzi. Kumrudisha Lushoto kungempa shamba na bibi, na kungemwondolea wazazi wote wawili na shule anayoanza kuizoea. Kwa mtoto wa miaka saba ambaye tayari amehamishwa mara moja, naona hasara ni kubwa kuliko faida. Aende likizo, akae wiki kadhaa, apakae tope atakavyo. Wazazi wengine hupanga safari kubwa, kama kwenda Kolo kule Kondoa kuona michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hiyo ni safari njema na ningemshauri mtu yeyote aifanye, ila isichukue nafasi ya mambo ya kila siku. Kwa afya ya mtoto, saa moja nje kila jioni ina uzito kuliko Jumamosi moja ya mwezi.

Saa hiyo mnayo. Basi linamshusha saa 11, na hapa giza haliingii kabla ya saa 12 na nusu karibu mwaka mzima. Ashuke, anywe maji, ale kitu kidogo, avue sare, avae nguo za kuchezea ambazo hakuna atakayegomba zikichafuka, atoke. Televisheni isifutwe kama adhabu. Ihamie baada ya kuoga, iwe fupi, na izimwe muda wa kutosha kabla ya kulala. Kama mna dada wa kazi, yeye ndiye mwenye ufunguo wa mpango wote, kwa sababu mara nyingi ameambiwa kwamba mtoto akiumia ni juu yake, na njia rahisi ya mtoto kutoumia ni kumkalisha mbele ya katuni. Mwambieni wazi, wewe na baba, kwamba goti lililochubuka si kosa lake, na kwamba nguo chafu zitafuliwa bila lawama.

Uwanja wa pevingi unarekebishika. Zungumza na mwenye nyumba akuruhusu kuondoa chache pembeni, hata eneo la mita mbili kwa mbili, mbali na bomba la maji na shimo la choo. Hapo weka toroli mbili tatu za mchanga, na usiku ufunike kwa turubai ili paka wasiugeuze choo. Kando yake pandeni mlonge, ambao hukua haraka na huvumilia ukame, au mwarobaini kama mnatarajia kukaa. Wakati mzuri ni mvua za Desemba zinapoanza, na baadaye maji ya kuoshea mboga yanatosha kuendeleza mti mmoja. Mwenye nyumba akikataa, tumieni ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, za mchicha au kunde. Mche uwe wa mtoto mwenyewe. Akisahau kumwagilia, uachwe unyauke auone, na kesho yake aumwagilie aone unavyoinuka. Somo hilo usimfundishe kwa maneno.

Lakini mchanga na mche havitoshi bila mtoto mwingine. Katika nyumba zenye uzio majirani huweza kukaa mwaka mzima bila watoto wao kujuana, kila mmoja na geti lake, kila mmoja na televisheni yake. Gonga mageti mawili matatu, kubalianeni jioni ambazo watoto watakuwa pamoja na mtu mzima mmoja akae karibu kwa zamu. Akae, asiongoze mchezo. Uliza pia ofisi ya serikali ya mtaa ni wapi eneo la wazi lililotengwa katika mpango wa mtaa wenu. Mji huu umekuwa ukipangwa upya tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, na maeneo ya wazi yamo kwenye ramani za mitaa mingi, ingawa inanikera kuona mengine yakigeuzwa maegesho wakati watoto wanacheza mpira barabarani. Mwisho wa juma, Chinangali Park au vichaka vya miamba pembezoni mwa mji vinatosha. Kwenye miamba mfundishe kutoingiza mkono shimoni wala kugeuza jiwe kwa vidole, kwa sababu ya nge na nyoka, na avae viatu vilivyofunika mguu. Akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mtulize, kiungo kisichezeshwe, mkimbize hospitali. Msimu wa mvua asicheze kwenye korongo hata kama juu yake hakuna wingu, kwa kuwa maji hushuka kutoka mbali bila kubisha hodi, na mashimo ya wachimba mchanga asiyaingie msimu wowote. Maji yaliyotuama asiogelee, kwa sababu ya kichocho.

Yote hayo yatamsaidia mtoto mwenye afya aliyehamishwa na kukosa nafasi, na ningetarajia usingizi na hasira vianze kubadilika katika wiki nne hadi sita za kuendelea bila kukatiza. Hayatatibu tatizo la masikio, la macho, la upungufu wa damu wala la mafindofindo yanayomzibia hewa usiku, na yote manne huweza kumfanya mtoto aonekane hatulii darasani. Hayatatibu pia tatizo halisi la umakini, kama lipo, ambalo huwa limeonekana tangu zamani na mahali pengi, si darasani tu. Jiulize: kule Lushoto, chekechea na darasa la kwanza, mwalimu alilalamika? Kama hakulalamika, naelekea kuamini kwamba chanzo ni haya mabadiliko. Muulize pia mtoto mwenyewe, mkiwa mnafanya kazi ya mikono pamoja na si kwa kumkazia macho, yanayotokea kwenye basi: anakaa na nani, nani humsumbua. Akikuambia kwamba kuna mtu anamwumiza au kumgusa isivyofaa, mwamini, usimkaripie, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.

Usisubiri wiki hizo sita kama ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, kama hataki kula na anapungua uzito, kama ameacha kuzungumza au kucheza hata na watu anaowapenda, kama huduwaa sekunde kadhaa bila kuitika na kisha kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, kama hujiumiza au anasema anatamani kufa. Hayo yanahitaji daktari wiki hii, na lile la mwisho linahitaji daktari leo. Anza na kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakikuelekeza Mirembe kwa wataalamu wa afya ya akili, nenda. Najua jina hilo linavyotamkwa mitaani, na najua wazazi waliochelewa miezi kwa kuogopa kuonekana wakiingia getini, lakini mtoto anayepelekwa kuzungumza na mtaalamu haandikwi kichwani kwamba ni mwendawazimu.

Ukienda, nenda na mume wako, na mwombe mwalimu aandike ni vipindi gani mtoto hatulii, asubuhi au baada ya chakula cha mchana. Wewe andika kwa wiki mbili saa anayolala, saa anayoamka, na alichofanya jioni hiyo. Kama anakoroma, mrekodi kwa simu akiwa usingizini. Dakika moja ya sauti hiyo itamsaidia daktari kuliko kukumbuka kwetu sote.